Kadi ya Wi-Fi ya laptopu: ipi uweke, ipi uiache, na lini adapta ya USB inatosha

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue hupitia ukarabati uleule. RAM inaongezwa, SSD inawekwa, betri inabadilishwa ikibidi, vumbi linafutwa, kisha mashine inapangwa mezani. Kadi ya Wi-Fi haiguswi. Inabaki ileile iliyotoka kiwandani mwaka 2012 au 2016, na mnunuzi anakuja kugundua baadaye kwamba simu yake ya bei ya kawaida inapakua haraka kuliko laptopu.

Anarudi kwa fundi: "Fundi, niwekee kadi ya kasi zaidi uliyonayo." Ombi lenyewe ndilo lenye tatizo. Kadi ya kasi zaidi mara nyingi siyo inayomfaa, na wakati mwingine haitawaka kabisa kwenye mashine yake.

Tuanze na kitu ambacho kadi haiwezi kufanya: haiongezi kifurushi. Ukilipia Mbps 20 utapata Mbps 20, hata uweke kadi ya Wi-Fi 7. Kazi ya kadi ni kuhakikisha hizo 20 zinakufikia zote, bila kukatika katikati ya mkutano, ukiwa chumba cha pili kutoka ilipo ruta. Ili ujue kama kadi ndiyo yenye kosa, kaa sehemu moja na simu pamoja na laptopu, zote zikiwa kwenye mtandao uleule, upime kasi kwa zamu. Simu ikipata kasi yote unayolipia na laptopu ikapata robo, shida iko kwenye laptopu. Zote zikiwa hoi, angalia ruta, ukuta au mtoa huduma wako. Kadi mpya hapo ni hela ya kutupa.

Halafu ujue una kadi gani. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `netsh wlan show drivers`. Kuna mstari unaotaja aina za redio. Ukiona 802.11b, g na n peke yake, karibu kwa uhakika kadi yako inajua kanda (masafa ya mawimbi) ya GHz 2.4 tu. Ukiona pia 802.11a, ac au ax, basi GHz 5 ipo. Kwa majina ya siku hizi, n ni Wi-Fi 4, ac ni Wi-Fi 5 na ax ni Wi-Fi 6. Ukitaka kujua uko kanda gani sasa hivi, andika `netsh wlan show interfaces` usome namba ya chaneli: 1 hadi 13 ni GHz 2.4, kuanzia 36 kwenda juu ni GHz 5.

Kanda moja au mbili

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mengine yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kanda ya GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Sasa chukua jengo la ghorofa la Sinza au Pipeline, kila mlango una ruta yake, na ruta zote zinagombea chaneli hizo tatu. Ongeza spika za Bluetooth na maikrowevu ya jirani, maana nazo zinatumia mawimbi yaleyale. Kadi haiongei wakati mwingine anaongea; inasubiri zamu. Ndiyo maana saa tatu usiku ikoni ya Wi-Fi inakuonyesha mistari yote imejaa na bado ukurasa haufunguki. Mawimbi yapo ya kutosha, zamu ndiyo haipatikani.

GHz 5 ina chaneli nyingi zaidi, na mawimbi yake hayapenyi kuta vizuri. Wengi wanalitaja hilo kama ubaya. Kwenye nyumba za kupanga mimi naliona ni wema, kwa sababu ukuta wa tofali za saruji unaokupunguzia wewe mawimbi unakuzuilia na kelele za majirani. Ubaya unakuja pale nyumba ni kubwa, ruta iko sebuleni na wewe uko chumba cha mwisho, kuta tatu katikati. Hapo laptopu itarudi GHz 2.4 yenyewe, na kadi ya kanda mbili itakusaidia kidogo tu. Kusogeza ruta kungekusaidia zaidi, tena bure.

Pamoja na kanda kuna idadi ya antena. Kadi ya antena moja kwenye 802.11n inaishia Mbps 72 kwenye chaneli ya kawaida ya MHz 20, na 150 kwenye chaneli pana. Ya antena mbili ni mara mbili ya hapo. Kwenye 802.11ac, antena moja ni 433 na mbili ni 867. Hizo ni kasi za hewani ambazo kadi na ruta hukubaliana. Unachopata mkononi ni kama nusu, kikizidi ni theluthi mbili. Antena ya pili haina faida ya kasi peke yake. Mawimbi yanayofika yakiwa dhaifu upande mmoja, upande wa pili unaokoa, na laptopu inaacha kukatikakatika ukiigeuza kidogo tu mezani.

Kwa hiyo mtu mwenye Realtek RTL8723BE au RTL8723DE, kadi za kanda moja na antena moja zilizowekwa kwenye laptopu nyingi za HP za bei nafuu, akihamia kadi yoyote ya ac yenye antena mbili ataona mabadiliko siku hiyohiyo. Mtu mwenye Intel 8265, ambayo tayari ni ya ac na antena mbili, akihamia AX210 anaweza asione chochote. Wote wawili wamenunua kadi mpya, na pengine wa pili kalipa zaidi.

Tundu ndilo linaloamua

Kabla ya kulinganisha majina ya kadi, fungua mfuniko wa chini uone laptopu yako ina tundu gani.

Za kuanzia karibu 2009 hadi 2013 zina mini PCIe ya nusu: kadi karibu ya mraba, milimita 30 kwa 27 hivi, yenye viunganishi vya antena vikubwa kidogo. Humo wamo ThinkPad X230 na T430, Dell Latitude E6420 na E6430, na EliteBook 8460p na 8470p. Kuanzia kizazi cha ThinkPad T440 kuja huku, tundu ni M.2: kadi nyembamba ya milimita 22 kwa 30, skrubu moja, na viunganishi vya antena vidogo kuliko vya awali. Kadi za Intel za aina hiyo zina herufi NGW mwishoni mwa jina. Za mini PCIe zina HMW. Ukikosea herufi hizo tatu umenunua kadi ambayo haiingii.

Usichanganye pia na tundu la modemu ya laini ya simu. Laptopu za ofisini kama ThinkPad T480 zina matundu mawili ya M.2 yaliyo karibu, na moja ni la modemu ya SIM. Mikato yake ni tofauti, hivyo kadi ya Wi-Fi haikai humo hata ukilazimisha. Naomba usilazimishe.

Mtego mkubwa uko kwenye M.2 yenyewe. Intel wana kadi za aina mbili zinazofanana kwa macho. Ya kwanza inajitegemea: kila kitu cha Wi-Fi kiko ndani ya kadi, na inaongea na bodi kupitia PCIe kama kifaa kingine chochote. Ya pili ni nusu kadi. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa ndani ya prosesa au chipuseti, na kadi imebaki na redio tu. Mfumo huo unaitwa CNVi. Kadi ya CNVi ukiichomeka kwenye laptopu isiyo na mfumo huo haitaonekana kabisa, na utamlaumu muuzaji kwamba kakuuzia mbovu.

Kwenye familia ya AX jina linasaidia. Zinazoishia na 0, yaani AX200 na AX210, zinajitegemea. Zinazoishia na 1, yaani AX201 na AX211, zinategemea prosesa. Kwenye familia ya 9000 kanuni hiyo haishiki: 9260 inajitegemea, lakini 9560, 9461 na 9462 ni za CNVi. Laptopu za AMD hazina CNVi, kwa hiyo kwao AX201 na AX211 hazina kazi kabisa.

Kuna jambo linalowakamata hata mafundi wazoefu. Watu husema "kizazi cha nane kina CNVi", kisha wanaagiza 9560 kwa ajili ya T480. Prosesa za T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 7490, kama i5-8250U na i5-8350U, zinaitwa kizazi cha nane lakini ndani ni Kaby Lake iliyoongezwa viini, na CNVi hakuna. Zilizo nayo ni za Whiskey Lake kama i5-8265U na i5-8365U, zinazopatikana kwenye T490 na 840 G6. Na kama vile kutuchanganya zaidi, namba 8265 ni jina la prosesa na pia ni jina la kadi ya Wi-Fi, vitu viwili visivyohusiana hata kidogo.

Kinyume chake ni salama zaidi. Laptopu iliyotoka na AX201 mara nyingi hupokea AX200 au AX210, kwa sababu tundu limeunganishwa njia zote mbili. Mara nyingi siyo mara zote. Zipo ambazo tundu lake lina njia ya CNVi peke yake. Mtafute mwenye modeli ileile aliyekwisha kubadilisha kabla hujatoa hela.

Halafu kuna laptopu nyembamba ambazo kadi imelehemewa kwenye bodi. MacBook Pro za 2016 kuendelea ni hivyo, na laptopu kadhaa za Windows za hadhi ya juu pia. Hizo ruka moja kwa moja hadi sehemu ya USB.

BIOS inayokataa wageni

ThinkPad X230 au T430 ukiiwekea kadi ambayo Lenovo hawakuiorodhesha itawaka, itakuandikia kosa namba 1802, na itakwama hapohapo. HP za zama hizo nazo huandika kosa namba 104 zikakuamuru utoe kifaa. Siyo kadi mbovu. BIOS, ile programu ndogo inayoiwasha laptopu kabla ya Windows, ina orodha ya kadi zinazoruhusiwa, na yako haimo.

Njia iliyo safi ni kununua kadi iliyobandikwa namba ya kipuri ya kampuni hiyohiyo na kwa modeli hiyohiyo. Intel ileile yenye namba ya Lenovo itapita pale ambapo Intel isiyo na namba itakataliwa. Njia ya pili ni kuweka BIOS iliyorekebishwa. Wapo wanaofanya hivyo kila siku kwenye ThinkPad za kizazi cha X230, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi umebaki na laptopu isiyowaka, na sote tunaujua umeme wetu. Kwa faida ya kadi peke yake, mimi singefanya.

Dell Latitude hazina tabia hiyo. E6430 itapokea karibu kadi yoyote inayoingia tundu lake, na ni sababu moja inayonifanya niipendekeze kuliko T430 kwa mwanafunzi anayetaka mashine ya kuboresha kidogo kidogo.

Kadi zenyewe

| Kadi | Tundu | Wi-Fi | Kasi ya hewani (Mbps) | Bluetooth |
|---|---|---|---|---|
| Intel 6205 | mini PCIe | 4, kanda mbili | 300 | hakuna |
| Intel AC 7260 HMW | mini PCIe | 5 | 867 | 4.0 |
| Intel AC 8265 NGW | M.2 | 5 | 867 | 4.2 |
| Intel AC 9260 NGW | M.2 | 5 | 1733 | 5 |
| Intel AX200 NGW | M.2 | 6 | 2402 | 5 |
| Intel AX210 NGW | M.2 | 6E | 2402 | 5 |
| Intel BE200 NGW | M.2 | 7 | 5760 | 5 |

Usisome safu ya kasi kama bei ya nyanya, ukachagua namba kubwa. Hizo 1733 na 2402 zinapatikana tu kwenye chaneli ya MHz 160. Ruta nyingi za faiba ninazozikuta majumbani zinaishia MHz 80. Kwenye ruta ya Wi-Fi 5 ya MHz 80, kadi ya 8265, ya 9260, ya AX200 na ya AX210 zote zitaunganishwa kwa 867 ileile. Kadi ya Wi-Fi 6 ikikutana na ruta ya Wi-Fi 5 inakuwa kadi ya Wi-Fi 5.

8265 ndiyo kadi ninayoiheshimu kuliko zote kwenye orodha hiyo, ingawa haina mbwembwe. Imetulia, draiva zake ziko ndani ya Windows 10 na 11 tayari, Linux inaitambua bila maswali, na zipo tele kwa sababu laptopu nyingi za ofisini zilizovunjwa vipuri zilikuwa nayo. Ukiipata iliyotolewa kwenye mashine, imepimwa mbele yako, bei itakuwa ndogo sana. Kwa mtu wa kifurushi cha chini ya Mbps 100 hakuna kazi itakayoishinda.

9260 naiona kama ya katikati isiyo na mwenyewe. Inaipita 8265 kwa MHz 160 na Bluetooth mpya, lakini anayehitaji vitu hivyo kwa kawaida anamudu AX200. Ukipewa bure, pokea.

AX200 na AX210 ndizo zinazogombaniwa. AX200 ilitoka 2019. AX210 ilifuata mwishoni mwa 2020 ikaongeza kanda ya GHz 6. Tofauti ya bei kati yao imekuwa ndogo, kwa hiyo watu wengi hununua 210 bila kufikiri. Sioni ubaya, lakini ujue unalipia nini. GHz 6 inahitaji ruta ya Wi-Fi 6E na inahitaji Windows 11. Kwenye Windows 10 kanda hiyo haifunguki, hata ruta iwe mezani kwako. Na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane. Mwenye T460 anayeweka AX210 ili apate GHz 6 ananunua kitu ambacho mfumo wake rasmi haumruhusu kukitumia.

Faida ya kweli ya Wi-Fi 6, ukiwa na ruta ya Wi-Fi 6, haiko sana kwenye kasi. Ni pale nyumba ina simu sita, televisheni na kamera za usalama, vyote hewani kwa wakati mmoja: ruta inaweza kuhudumia vifaa kadhaa kwenye zamu moja badala ya kupanga foleni. Jingine ambalo halisemwi sana ni kwamba Wi-Fi 5 ni ya GHz 5 peke yake. Kadi ya ac ikishuka GHz 2.4 inarudi kuwa kadi ya n ya mwaka 2009. Wi-Fi 6 imeboresha hata GHz 2.4, na kwa yule wa chumba cha mwisho niliyemtaja, hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuchagua AX200 badala ya 8265, mradi ruta nayo iwe ya Wi-Fi 6.

BE200 sitaisemea mengi. Intel wameitengeneza kwa mifumo yao, na kwenye laptopu nyingi za AMD inakataa kutambulika. Faida zake kamili zinataka Windows 11 toleo la 24H2 na ruta ya Wi-Fi 7. Ukiwa na vyote hivyo huenda laptopu yako tayari imekuja na kadi nzuri.

Na zisizo za Intel? Wenye AMD mara nyingi wana MediaTek MT7921 au MT7922, pengine zimeandikwa AMD RZ608 na RZ616. Siyo kadi mbaya. Watu wanaozilalamikia wengi wana draiva ya zamani. Sasisha kwanza, na kama bado inakatika ikitoka usingizini, AX210 itaingia mahali pake. Realtek RTL8821CE ni ya kanda mbili lakini antena moja. Kama GHz 5 inafika ulipo, iache ifanye kazi.

Wenye mini PCIe

Hapa chaguo ni chache, na kila moja ina kasoro.

Intel 6205 ina kanda mbili na Mbps 300. Ilikuwa ya kawaida kwenye ThinkPad na Latitude za mwaka 2011 hadi 2013, hivyo ikiwa laptopu yako imekuja na kadi ya kanda moja, 6205 yenye namba ya kampuni yako itapita BIOS bila ugomvi na itakutoa kwenye msongamano wa GHz 2.4 kwa hela kidogo. Bluetooth haina, ila ThinkPad nyingi za wakati huo zina kadi ya Bluetooth pembeni.

AC 7260 HMW inakupa 867 na Bluetooth 4.0. Ilipotoka mwaka 2013 ilijulikana kwa kukatika ovyo, na draiva za baadaye zikaituliza. Ukiinunua soma kibandiko herufi kwa herufi: Intel walitoa 7260 za aina tatu, moja ya AC, moja ya N yenye kanda mbili, na moja ya N yenye kanda moja tu. Wauzaji huziita zote "7260". Isiyo na neno Wireless-AC kwenye kibandiko, rudisha.

Ya tatu ni zile kadi za mini PCIe kutoka China zilizowekewa chipu ya AX200, zinazouzwa kwa jina la MPE-AX3000H. Kwenye Dell E6430 zinafanya kazi vizuri. Kwenye T430 yenye BIOS ya kiwandani utakutana na 1802. Kuna pia vibodi vya kugeuza M.2 kuwa mini PCIe, lakini vinaongeza unene, na waya za antena za laptopu ya zamani haziingii kwenye viunganishi vidogo vya kadi mpya bila vipande vingine vya kugeuzia. Ukijumlisha hela na karaha, adapta ya USB inaanza kupendeza.

USB dhidi ya kadi ya ndani

Adapta ya USB haina mambo ya BIOS, haina bisibisi, na ukiuza laptopu unaondoka nayo. Inapopungukiwa ni kwenye antena. Kadi ya ndani inatumia waya zilizopitishwa hadi juu ya skrini, pembe zote mbili, sehemu nzuri kuliko zote. Adapta ndogo kama ukucha ina antena ya milimita chache iliyobanwa ubavuni mwa laptopu, karibu na mkono wako.

TP-Link TL-WN725N, ile ndogo inayouzwa kila kona, ni ya GHz 2.4 na Mbps 150. Ukitoka kwenye kadi ya GHz 2.4 kwenda kwenye hiyo hujasogea popote. Inunue tu kama kadi ya ndani imekufa. Archer T2U Nano inakupa GHz 5 kwa 433, inatosha kabisa kwa vifurushi vya nyumbani ukiwa chumba kimoja na ruta. Ile T2U Plus yenye antena ndefu inakera begani mwa begi lakini inafika mbali zaidi. Archer T3U ni ya 867 na inataka tundu la USB 3.0.

Ukiwa kwenye GHz 2.4, usiichomeke adapta pembeni ya diski ya nje ya USB 3.0. Waya za USB 3.0 zinatoa kelele kwenye kanda hiyohiyo. Tumia waya wa kurefushia, au hamisha upande wa pili.

Kwa watu wa Linux, adapta nyingi za Realtek, hasa kwenye kerneli za zamani, ni za kutafutia draiva, na kila kerneli ikisasishwa unaweza kuanza upya. Kwao kadi ya ndani ya Intel inashinda bila mjadala: AX200 inatambuliwa kuanzia kerneli 5.1, AX210 kuanzia 5.10. Na kama laptopu haitoki mezani, waya wa mtandao kutoka kwenye ruta unazishinda zote.

Kabla hujatoa hela, na ukiwa na bisibisi mkononi

Hesabu waya za antena. Fungua mfuniko utazame kadi iliyopo: waya mweusi na mweupe ni kawaida. Laptopu nyingi za bei ya chini zina mmoja tu. Kuweka AX200 kwenye mashine ya waya mmoja ni kununua antena mbili ukatumia moja. Waya wa pili unauzwa na unabandikwa ndani ya fremu ya skrini, lakini hiyo ni kazi ya kufungua skrini. Fundi atakutoza, na ana haki. Kama waya zako ni tatu na kadi mpya ina viunganishi viwili, wa kijivu mvishe kipande cha tepu usiguse bodi.

Kazi yenyewe ni ya robo saa. Zima kabisa, chomoa chaja, tenganisha betri. Viunganishi vya antena vinatoka kwa kuinuliwa wima kwa ukucha au kipande cha plastiki, siyo kwa kuvutwa na waya. Wakati wa kurudisha, weka kichwa juu ya kitako chake sawasawa, bonyeza kwa kidole hadi usikie kitu kimeingia. Kama hakijaingia, usiongeze nguvu, hakijakaa katikati. Kile kikombe kidogo cha dhahabu kikipinda, kadi ina antena moja kuanzia siku hiyo. Havikutengenezwa kwa kuchomolewa mara kwa mara, kwa hiyo jaribu kadi kabla ya kufunga mfuniko badala ya kufungua tena. Draiva ipakue kwenye flashi mapema, maana laptopu isiyo na Wi-Fi haiwezi kujipakulia draiva ya Wi-Fi.

Ukishawasha, hakiki ulichouziwa. Kwenye orodha ya vifaa vya Windows, fungua taarifa za kadi utafute kitambulisho chake. Intel zote zina VEN_8086. Baada yake AX210 inasoma DEV_2725, AX200 DEV_2723, 9260 DEV_2526, na 8265 DEV_24FD. Ikisoma VEN_10EC hiyo ni Realtek iliyovalishwa kibandiko. Fanya ukaguzi huu dukani, siyo nyumbani.

Ningekuwa nachagua kwa ajili ya mtu mwingine, ningesema hivi. T480, 840 G5, Latitude 7490: nyingi tayari zina 8265, basi zihamishie GHz 5 na uache kadi. Ukibadilisha ruta ikawa ya Wi-Fi 6, weka AX210. T440 hadi T460 zenye kadi ya antena moja: 8265, ila T440 iwekee 7260 ya AC (NGW) yenye namba ya Lenovo ya modeli hiyo. X230 na T430: 6205 yenye namba ya Lenovo, au T2U Nano. E6430: 7260 ya AC. HP ya bei nafuu yenye waya mmoja: adapta ya USB ya GHz 5, na hela iliyobaki iende kwenye SSD kama bado haina. Laptopu ya AMD inayosumbua: AX210, kamwe siyo AX211.

Ukimaliza, rudi kwenye `netsh wlan show interfaces`. Chaneli ikiwa bado ni 6 au 11, laptopu imeng'ang'ania GHz 2.4 kwa sababu ruta inatangaza kanda zote kwa jina moja. Ingia kwenye ruta uipe kanda ya GHz 5 jina lake, kisha uiambie laptopu isahau lile la zamani. Kadi uliyoitoa itie kwenye kibahasha uandike imetoka mashine gani. Kama ina namba ya Lenovo au HP, kuna mtu mwenye kosa la 1802 au 104 anaitafuta.